Jembe Lililokataliwa Siku ya Posa

Kaisho, Karagwe
Baada ya kuvuna maharage

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, hiyo ni ya miezi yote niliyonyamaza. Kabla ya jambo lolote nauliza mguu wako. Ule uvimbe umeshuka? Unasuguliwa yale mafuta kila asubuhi, au Zuhura anasingizia masomo? Mimi ni mzima. Mume wangu Salehe ni mzima, ila kifua kinambana asubuhi kwa baridi ya huku milimani, baridi ambayo nikikueleza hutaki kuniamini. Senene nilizokutumia nasikia ulizitupia kuku. Sawa. Mwaka huu nimekula mwenyewe na sikubakiza hata miguu.

Zuhura mwanangu, najua ni wewe unayemsomea bibi. Soma polepole, kwa sauti, wala usirukeruke kama ulivyofanya na barua ya mjomba wako. Bibi aliniambia.

Mama, kaka Idi ameniandikia kwamba mna wasiwasi na kimya changu. Kimya changu ni hasira tu. Nimekuwa na hasira tangu kiangazi, na nilikuwa nikishika kalamu naandika mambo ambayo yangekufanya uuze mbuzi uje kunichukua. Sasa zimepungua kidogo, ndiyo maana naandika. Watu wa huku si wabaya. Wangekuwa wabaya ningewaacha na mambo yao. Ni wema, wanakuletea mkungu wa ndizi bila kuombwa, wanakuuguza ukiugua, halafu wanakaa kwenye benchi la duka lako wanakuuliza swali lile lile hadi unataka kujifungia stoo.

Swali lenyewe ni hili: "Mama Zuhura, majembe mapya yamefika?"

Hali ya bidhaa unaijua. Tangu vita vya mpakani viishe, nyinyi huko Pangani mnalilia sabuni na sukari, na sisi tunalilia hizo hizo, na juu yake tunalilia majembe. Huku mtu anaishi kwa migomba yake, kahawa yake kidogo, na maharage. Bila jembe hana la kufanya. Na majembe hayaji. Nikiwaambia hayajafika, wanauliza yatafika lini. Nikisema sijui, wanakaa. Wanazungumzia mvua, wanatafuna buni za kahawa, wanaondoka, na kesho wamerudi na swali.

Na nyumbani kwa kila mmoja wao, mama, kwenye paa la jiko, kumechomekwa majembe yaliyolika mpaka yamebaki kama vijiko vya pilau. Niliyaona nilipokwenda kuhani msiba kwa jirani. Nikauliza, haya ya nini? Wakaniambia, yamekwisha. Nikashika moja. Tundu la mpini zima, shingo nzima, chuma chenyewe kizito kuliko cha majembe ya siku hizi. Kilicholika ni ule upanga wa mbele tu. Nikamkumbuka marehemu baba na karakana ya kule kwenye katani. Unakumbuka alivyokuwa akirudi na grisi hadi masikioni, anakula huku anatueleza mashine waliyoifufua? Pale kitu kikichoka hakikutupwa, wala hakikupachikwa kiraka. Kilifumuliwa chote, palipolika pakajazwa, palipopinda pakanyooshwa, kikarudi kazini kama kimeshuka melini jana. Nikasema moyoni, hawa wanangojea meli isiyokuja, na majembe yao wamelala nayo.

Hapa Kaisho yuko mhunzi mmoja, Mzee Kabyemera. Kwao ni Bweranyange, na watu wa kwao wamefua chuma tangu enzi za wafalme wao. Alikuwa anatengeneza visu vya kupogolea migomba chini ya kibanda cha nyasi nyuma ya soko. Nilimpelekea kile kijiko cha pilau nilichokishika kwa jirani, nikakiomba, pamoja na kipande cha springi ya lori lililopinduka kwenye mteremko na kuachwa lioze. Nikamweleza ninachotaka. Akanitazama, akaitazama kanga yangu, akasema, "Mwanamke wa duka, nani kakufundisha chuma?" Nikamwambia baba yangu. Akasema, "Basi kaa."

Alilitia lile jembe motoni mpaka likawa jekundu, akakata pale palipokonda, akaupachika upanga mpya wa chuma cha springi, akaufua juu yake moto kwa moto mpaka viwili vikawa kitu kimoja. Akanyoosha shingo, akapanua tundu, akanoa, akazamisha majini. Lilipopoa akaligonga kwa nyundo. Mama, lililia kama kengele. Nilimshika yule mzee mkono kwa furaha hadi akaona haya.

Tukapatana. Mkulima alete jembe lake lililokwisha na kipimo cha maharage, achukue lililofanywa upya. La kwake nalo liende motoni, lingojee mkulima mwingine. Lile alilochukua likiachia pale kwenye maungio, alirudishe apewe jingine bila neno. Na nikataka kila moja ligongwe nukta tatu karibu na tundu, ili mnunuzi ajue ananunua nini. Hapo Mzee Kabyemera na mimi tukagombana.

"Alama ya nini?" akasema. "Kwani nimeiba?"

"Mzee wangu, likivunjika wajue wakurudishie wewe."

"Na lisipovunjika?"

"Wajue ni kazi ya nani."

Alinuna siku nzima, lakini akagonga.

Sasa ungedhani watu wangekimbilia. Machakavu ya kwanza niliyaomba nyumba kwa nyumba, na yalipotoka motoni nikayapanga mbele ya duka, yamepakwa mafuta, yanang'aa. Wakaja wakayashika, wakayageuza.

"Hili ni la zamani," mmoja akasema.

"Lilikuwa la zamani. Sasa ni jipya."

"Jipya huja na karatasi imebandikwa hapa."

"Utalimia karatasi?"

Akacheka, akalirudisha chini, akaniuliza mapya yanafika lini.

Nilikwenda sokoni siku ya gulio nikasimama na jembe mkononi kama muuza dawa. Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, nikapewa mwishoni kabisa watu wakiwa wanainuka, na mwenyekiti akafunga kwa kusema tuwe na subira, majembe yako njiani. Nikalima mwenyewe! Mimi, mama, ambaye ulikuwa ukisema sijui kushika hata mchi. Nilijifunga kanga nikaanza kuchimba nyuma ya duka ili waone jembe linavyoingia ardhini, na wakaja wengi sana, wakaita na wengine, kumtazama Mswahili wa pwani analima. Salehe alijificha ndani. Jioni akaniambia, "Umewafurahisha." Nilichopata ni malengelenge na wanunuzi wachache, wengi wao wajane, waliokuja mmoja mmoja na kuficha jembe chini ya kanga kana kwamba wamenunua gongo.

Ndipo akaja Deo.

Deo ni kijana wa mjane mmoja hapa jirani, anafanya kibarua cha kuchuma kahawa. Mpole, mchapakazi, hana makuu. Alikuwa anamposa Veneranda, binti wa Mzee Gakwaya. Veneranda unamjua kwa jina, ndiye yule niliyekuandikia kwamba alinipikia uji na kunifulia nguo nilipoanguka na malaria. Watu wa Mzee Gakwaya asili yao ni Rwanda, walihamia huku zamani, ni Wakristo wanaoheshimika. Kwao posa haiendi bila jembe. Ng'ombe anaweza kuahidiwa, pombe inaweza kupungua, lakini jembe lazima liwekwe mkononi mwa baba wa binti. Na jembe jipya halikuwepo Kaisho nzima.

Deo akachagua zuri kuliko yote. Nikamwambia wazi, "Hili ni la Mzee Kabyemera, limefanywa upya. Waambie mapema. Ukiwaambia kabla ya siku, hakuna shida."

"Nitawaambia, Mama Zuhura."

Hakuwaambia. Alikwenda nyumbani akasugua zile nukta kwenye jiwe mpaka zikafutika, akapaka masizi na samli pale aliposugua na kwenye mstari wa maungio.

Siku ya posa nilialikwa. Nilikaa na wanawake upande wa nyuma, chini ya migomba, nikapewa kahawa za kutafuna na juisi ya ndizi mbivu isiyochachushwa, maana wanajua sinywi ile nyingine. Mambo yalikwenda vizuri. Mshenga wa Deo alisema maneno matamu sana, watu wakapiga makofi. Kisha akatoa jembe. Mzee Gakwaya akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akalipitishia kidole gumba. Kidole kikasimama. Akapitisha tena. Akamwita ndugu yake, ndugu akachomoa kisu akalikwaruza, masizi yakatoka, ule mstari wa maungio ukaonekana.

"Hili limeungwa," ndugu akasema.

Mzee Gakwaya akasimama. Si mtu wa kelele, mama, lakini siku ile sauti yake ilifika barabarani. "Binti yangu ni mzima! Hakutumika! Mnakuja kwangu kuchukua kipya, mkononi mmeshika kilichotumika na watu wengine? Ndivyo mnavyomwona mwanangu?" Akalirusha jembe migombani. Wanaume wote wakawa wanasema ndiyo, ndiyo, ni matusi.

Zuhura, hapa usiruke. Umekua, na si jambo la siri. Unajua baba yako aliniacha, na unajua Salehe alinikuta na wewe mgongoni. Yule mzee hajui hata nusu ya habari zangu, na hakuwa ananisema mimi. Lakini lile neno, kilichotumika, lilikuja mpaka nilipokaa, na nikahisi uso unawaka mbele ya wale wanawake kana kwamba wote wamegeuka kunitazama. Na kabla sijapoa, Deo, kwa hofu, akanyoosha kidole upande wetu.

"Mama Zuhura ndiye aliyeniuzia. Aliniambia ni jipya."

Hapo ndipo walipogeuka kweli.

Nilisimama. Nikamwambia, "Deo, nitazame. Mimi nilikuambia nini?" Hakunitazama. Nikasema lilikuwa na alama, muulizeni imekwenda wapi. Nani ananisikiliza? Mtu mmoja akasema wafanyabiashara ndivyo walivyo, mwingine akasema watu wa pwani kwa maneno hawashindiki. Niliaga, nikashika njia peke yangu, na kanga yangu mpya ikachanika kwenye uzio wao.

Salehe alikuwa anasafisha kioo cha taa. Nilimweleza yote, na lile neno nikamweleza, na nikalia kidogo, Mungu anisamehe. Akaendelea kufuta kioo. Mwisho akasema, "Yule mzee hajui kununua." Nikamwambia mimi si bidhaa, Salehe. Akacheka, na mimi nikacheka kwa hasira, na siku ile hatukusema tena habari hiyo. Huyo ndiye mume uliyekuwa na wasiwasi naye, mama. Hana maneno, lakini nikamwona alivyoiweka ile taa mahali pake, taratibu, halafu akaenda kunipikia chai.

Kesho yake ndipo nilipotaka kufunga virago. Wale wachache walionunua wakaanza kurudisha. Akaja mama mmoja na jembe lake.

"Limevunjika?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Limelegea?"

"Hapana. Linalima vizuri sana."

"Sasa kwa nini unalirudisha?"

"Watu wanasema."

Mama, niambie wewe uliyeishi miaka mingi, mtu kama huyo unamjibu nini? Nilimrudishia maharage yake. Akaniuliza mapya yanafika lini. Mzee Kabyemera naye alizima moto wake. Hakugombana, hakulaumu. Alisema ana msiba Bweranyange, akakunja mivukuto yake ya kupulizia moto akaondoka nayo, na mtu haendi msibani na mivukuto.

Nilikaa nikawaza. Duka lingeweza kuishi bila majembe. Lakini jina langu lingebaki la mwongo, Mzee Kabyemera angekaa kwao anakuna magoti, na yule binti aliyenipikia uji angepoteza mume kwa kitu kilichofanyika dukani kwangu. Nikafunga duka mchana, nikaenda kwa mama yake Deo.

Yule mama alikuwa anaanua maharage. Nilimweleza tangu mwanzo. Aliingia ndani, nikasikia sauti ya Deo kidogo, halafu wakatoka wote wawili, yeye mbele na fimbo yake ya kutembelea, kijana nyuma, macho chini. "Twende," akaniambia. Basi tukaenda, watatu sisi, mpaka kwa Mzee Gakwaya.

Deo alisema kweli yote. Alisema alijua, aliambiwa, alisugua alama mwenyewe, akanisingizia. Nikapumua. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza Mzee Gakwaya akawaka upya.

"Kumbe tatizo si umaskini tu," akasema. "Ni mwongo pia. Ondokeni."

Nilitamani kumtikisa. Nilisema, "Mzee Gakwaya, amekuja na miguu yake kusema kweli, na mama yake yuko hapa." Akasema hilo halinihusu mimi muuza chumvi. Nikawa natafuta maneno ambayo nisingeyajutia, ndipo Veneranda akatoka nyuma ya jiko. Mikono yake ilikuwa na tope. Alipita mbele yetu, akaenda migombani, akainama akalitafuta lile jembe mpaka akalipata, akarudi nalo. Lilikuwa limeanza kushika kutu.

Akaongea na baba yake kwa heshima, ameinama kidogo, lakini sauti haikutetemeka. "Baba, siku ile mlinifananisha na jembe, nyote, na nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Mimi si jembe. Hili ndilo jembe. Kosa lake ni nini?"

Mzee akageuzia uso migombani.

"Kosa la Deo nalijua," Veneranda akasema. "Amedanganya, na akamsingizia mtu mzima. Kwa hilo sikubali kuolewa naye sasa hivi. Mama anataka kufungua shamba jipya la maharage kule rweya." Rweya, mama, ni ule uwanda wa majani nje ya migomba, ardhi yake ngumu na mizizi kama kamba. "Alilime yeye. Peke yake, kwa jembe hili hili alilolileta, mpaka maharage yavunwe. Likivunjika, baba umesema kweli. Akikimbia, pia umesema kweli."

"Nani kakupa ruhusa ya kupanga?" Mzee Gakwaya akauliza.

Mke wake, ambaye sikumbuki kumsikia akisema neno mbele ya wageni, akasema kutoka mlangoni, "Shamba ni langu. Nimekubali."

Deo alipokea jembe kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Basi mvua za kwanza zikaanza na yeye akaanza. Asubuhi anafanya kibarua chake, mchana yuko rweya. Watu wakapata la kutazama, na safari hii nashukuru haikuwa mimi. Walipita makusudi, wakasimama barabarani wanangoja kusikia mlio wa kuvunjika. Kuna waliokuja dukani kunipa habari kila siku: limegonga jiwe, limenasa kwenye mzizi, leo amelilazimisha sana. Nikawaambia kama mna nafasi ya kusimama, mna nafasi ya kumsaidia. Wakasema hapana, binti amesema peke yake.

Habari zikafika Bweranyange. Siku moja nikamwona Mzee Kabyemera amesimama ukingoni mwa lile shamba, bado na vumbi la safari, mikono nyuma. Hakunisalimia. Jembe lilipogonga jiwe alikunja uso kana kwamba amegongwa yeye. Nikamuuliza msiba umeisha? Akasema, "Anashika mpini vibaya. Atauvunja mpini, halafu watasema ni jembe." Akaingia shambani kwa Deo, akamwonyesha namna ya kushika, akatoka. Kesho yake moshi ulitoka kwenye kibanda chake.

Mpini kweli ulivunjika, wakati wa palizi. Kijiji kizima kikashangilia kabla ya kutazama. Deo akachonga mwingine, akaendelea. Maharage yalitoka mazuri, mama, nimeyaona, majani yake yamefunika ardhi yote. Upanga ulilika kidogo kwenye pembe, kama jembe lolote. Maungio hayakufunguka. Mikono ya Deo ndiyo iliyofunguka, alikuwa anakuja dukani na vitambaa vya damu nampa mafuta ya mgando, simwambii kitu. Siku moja aliniambia, "Mama Zuhura, nisamehe." Nikamwambia nishakusamehe tangu kwenye palizi, nenda kalime.

Walivuna. Veneranda mwenyewe alipepeta. Jioni ile alimtuma mdogo wake kwa mama yake Deo na kikapu cha maharage mapya, na huku hiyo ina maana yake. Arusi itakuwa kabla ya mvua nyingine, padri ameshatangaza.

Ungedhani sasa nimetulia. Sikiliza basi. Sasa wote wanataka. Wanakuja kwa makundi na vijiko vyao vya pilau, wanataka leo, wanataka "kama la Deo," wanagombea zamu. Mzee Kabyemera amekuwa na maringo, anafua anapotaka, anawaambia wakae kama alivyoniambia mimi. Mwenyekiti amesimama mkutanoni akasema yeye siku zote alihimiza watu wasitupe vyao vilivyochakaa. Salehe anawaeleza wateja jinsi "sisi" tulivyoanza, akishika tumbo. Yule mama aliyerudisha jembe zima amelirudia, ananuna kwa nini limeshachukuliwa na mwingine. Na mama, wallahi, katikati ya hayo yote, akiwa ameshika jembe jipya kabisa la Mzee Kabyemera mkononi, mtu ananiuliza mapya yatafika lini.

Nimewaambia walete na vingine. Majiko ya mafuta yaliyotoboka, ndoo, taa, cherehani iliyokufa kwa fundi wa pale kona. Kitu chenye chuma kizuri ndani yake hakijafa. Mzee Kabyemera anasema yeye si hospitali. Tutaona.

Mwambie kaka Idi, ambaye ameniandikia mara mbili niache kuuza vyuma chakavu nirudi nyumbani, kwamba sirudi mwaka huu, wala simkasirikii. Ninachoomba ni Zuhura aje likizo ndefu. Yule mjomba wa mume wangu anayeleta vitambaa Bukoba atampitia Tanga, na mimi nitashuka kumpokea. Nataka aione baridi hii akaisimulie, pengine wewe utaamini.

Nisalimie shangazi muuza maandazi, na jirani yetu wa mlango wa pili anayekuchotea maji, na mwalimu wa madrasa wa Zuhura, na mke wa Idi pamoja na mimba yake, Mungu amjalie salama.

Niliacha kalamu hapo kwa sababu mtu aliingia. Ni Mzee Gakwaya. Tangu siku ile alikuwa hajakanyaga hapa, chumvi alikuwa anatuma watu. Tumesalimiana vizuri, akaulizia kifua cha Salehe. Akakaa kwenye benchi. Ana gunia la kahawa kando ya mguu, na ndani yake mna vitu vinavyogongana. Ameniuliza kama mapya yamefika. Nimemwambia hayajafika, mzee. Amesema, ah. Ameangalia barabara muda mrefu. Mimi nimejishughulisha na chumvi, maana mdomo wangu unaujua, nikiufungua sitaufunga. Sasa hivi amelisukuma gunia kwa mguu mpaka karibu na meza yangu, bila kunitazama, akasema, "Haya yalikuwa ya baba yangu. Mwambie Kabyemera ayashike taratibu."

Ngoja niende nikamwite.

Mwanao anayekushika miguu,
Mwanaidi